Mwezi Ulioingia Saratani

“Kiti hiki,” Falaki alipenda kusema, huku akikipiga kiti cha plastiki kofi la mgongoni kama mtu anayesifia ng'ombe wake, “hajakikalia mtu akainuka na hofu kubwa kuliko aliyokuja nayo. Wenzangu wanatabiri. Mimi napoza.”

Alijisifu mwenyewe kwa sababu hapakuwa na aliyejitolea kumsaidia.

Kiti chenyewe kilikaa chini ya dirisha, ndani ya duka la ushonaji la dada yake, kati ya meza ya pasi na ile pembe iliyofungwa pazia la maua ambako wateja walijaribia nguo. Kazi aliyopewa mle ilikuwa kupiga pasi, kushona vifungo na kukata nyuzi zinazoning'inia. Nyota zilikuwa kazi ya pembeni. Ukimuuliza dada mtu, atakwambia vifungo ndivyo vilivyokuwa vya pembeni, na ndiyo maana mashati ya watu yalikuwa yakifunguka njiani. Hilo la Falaki si jina alilopewa na wazazi. Wateja walimbandika kwa kejeli, naye akalivaa kwa raha zake, kama koti la kuazima lililomkaa vizuri.

Hakuwa tapeli. Hili lisemwe mapema, maana mbele ya safari mtu anaweza kulisahau. Aliamini alichokifanya. Simu yake ilikuwa na programu ya kuchora ramani za nyota. Alijua Zuhura amejipamba wapi na Zohali amenuna wapi. Tena alijua jambo ambalo wasoma nyota wa magazetini hawaligusi, nalo ni kusogeza ramani.

“Ramani ya kuzaliwa ni picha tu,” alieleza kila aliyekuwa tayari kusikiliza, na wengi wasiokuwa tayari. “Lakini mtu habaki kwenye picha, anakua. Kwa hiyo ramani nayo unaisogeza. Siku moja ya mtoto mchanga ni mwaka mmoja wa mtu mzima. Una miaka ishirini? Tunahesabu siku ishirini tangu uzaliwe, tunaangalia jua na mwezi vilikuwa wapi siku hiyo. Hapo ndipo ulipo leo.”

“Kwa hiyo matatizo yangu ya leo,” Mzee Breki aliwahi kuuliza, “yalipangwa nikiwa bado najikojolea?”

“Yote, mzee.”

“Ndiyo maana yananuka.”

Mzee Breki alikuwa dereva mstaafu, na pale dukani alikuwa kama sehemu ya samani. Alikuwa na suruali moja ya kijivu isiyokwisha. Kila dada mtu akiiachia kiunoni, tumbo nalo linaachia, basi mzee anarudi kupimwa upya. Muda mwingi alikuwa nyuma ya pazia, amejaa pini, akichangia mazungumzo ya watu bila kuonekana, kama redio iliyosahaulika kuzimwa.

Siku mambo yalipoharibika, yalianza kuharibika asubuhi, kwa mzaha. Fundi viatu wa kibanda cha jirani aliingia kuomba uzi mnene. Falaki akamkalisha kwenye kiti, akamsogezea ramani yake, akamwambia kwa sauti nzito:

“Mwezi wako uko kwa Kaa.”

“Kaa yupi?” fundi viatu akauliza. “Maana yupo wa baharini anayebana, lipo la jikoni linalounguza, na ipo ile ya mama akiona mgeni: kaa.”

Duka zima likacheka. Cherehani zikasimama. Pazia likatikisika mpaka pini moja ikaanguka sakafuni. Fundi viatu akaondoka na uzi wake, na hadi saa sita kila aliyepita mlangoni alikuwa akipaza sauti: “Falaki, nikae au nisikae?”

Jambo hilo lilimuuma. Nyota zina majina ya aina mbili, kama nguo. Yapo ya kushindia: Punda, Ng'ombe, Kaa, Nge. Yapo ya kutokea: Hamali, Thauri, Saratani, Akarabu. Ni nyota zilezile, ila jina moja limevaa kanga na jingine limevaa suti. Miaka yote Falaki alitumia ya kushindia, kwa kuwa wateja wake walikuwa watu wa kushinda kazini. Mchana ule akaapa moyoni kwamba Kaa hatamwaibisha tena.

Kiapo kingepoa chenyewe, lakini baada ya chakula cha mchana aliingia binti wa maktaba, mwenye miwani na sauti ya chini, aliyekuja kubadilishiwa zipu ya sketi. Akaketi kwenye benchi kusubiri. Falaki akaacha pasi, akachungulia nyuma ya pazia kwenye kioo, akanyoosha kola, akarudi akiwa mtu mwingine.

Na mama mdogo akaingia.

Huyu alikuwa mdogo wa mama yao, mfanyakazi wa tanuri la mikate mtaa wa pili. Mama yao alipofariki ndiye aliyewalea, dada mtu na Falaki, kabla hajapata mtoto wake mwenyewe, msichana wa darasa la pili waliyempa jina la Maswali kwa sababu ndiyo chakula chake. Unga ulikuwa umejificha kwenye mikunjo ya viganja vya mama mdogo. Kila mara alikuwa akiingia na utani mkononi. Siku hiyo hakuwa na kitu.

“Niangalizie mwaka huu, mwanangu,” alisema, akakaa kwenye kiti. “Ule wa kusogeza.”

Falaki alishangaa, maana mama mdogo alikuwa wa kwanza kuzicheka nyota zake. Lakini binti wa maktaba alikuwa ameinua macho. Falaki akaingiza tarehe na saa ya kuzaliwa, akahesabu siku thelathini na tisa, akatulia kwa heshima ya jambo lenyewe.

“Siku ya thelathini na tisa,” mama mdogo akasema taratibu. “Bibi yako alikuwa akisimulia kwamba sijafika arobaini nikaugua. Siku nzima sikunyonya. Walidhani ndiyo basi.”

“Basi ndiyo huu mwaka wake,” Falaki akatania, na jicho moja likaenda kwenye benchi kuona kama utani umepokelewa. Kisha akainua kidole na kutamka kwa sauti ya kutokea: “Mwezi wako unaingia Saratani.”

Cherehani ya dada mtu ilikuwa ikilia upande wa pili, lakini neno lilifika.

“Unaingia nini?”

“Saratani. Na ukishaingia, mama mdogo, hautoki leo wala kesho. Miaka miwili na ushee. Tena kwenye nyumba ya sita, nyumba ya afya na mwili.”

“Una hakika?”

“Nyota hazisemi uongo. Waongo ni wanadamu.”

Mkono wa kulia wa mama mdogo ulipanda ukashika mkanda wa mkoba begani, ukabaki palepale, kiganja kikiwa kimelala juu ya titi la kushoto kama anayeapa. Akasema ahsante. Aliinuka kwa uangalifu, kama aliyebeba ndoo iliyojaa, akatoka bila kumuaga dada mtu. Kwenye kiti iliachwa leso yake. Falaki hakuiona leso hiyo, kwa sababu binti wa maktaba alikuwa anamuuliza kama Saratani ni ile ya Kilatini au ya Kiarabu.

*

Baada ya siku chache mama mdogo alirudi na kitambaa cha bluu, jora karibu zima. Alitaka magauni ya Maswali.

“Yakiwa na kimo gani?” dada mtu akauliza, mkanda wa kupimia shingoni.

“Moja la sasa. Lingine la miaka kumi. Lingine la kumi na mbili. Na la kumi na nne, kifuani uache nafasi.”

“Mama mdogo, kwani kitambaa kinakwisha duniani?”

“Rangi hii huenda isipatikane tena. Na upindo uwe mrefu, wa kushushwa.” Alilipapasa jora. “Utajua kuzishusha hizo pindo?”

“Nisijue mimi, ajue nani?”

“Basi,” mama mdogo akasema, na akaonekana kama mtu aliyetua mzigo mmoja kati ya miwili.

Falaki alicheka na kusema Maswali atapata umbo la jora. Dada mtu alikuwa akimtazama mama yao mdogo kwa jicho la fundi, jicho linaloona bega moja likiwa chini kuliko jingine. Akamwita nyuma ya pazia, ati ampime gauni la bure kwa kitambaa kitakachobaki. Wakakaa huko muda mrefu. Zilisikika sauti za chini, kisha sauti moja tu, kisha kimya.

Mama mdogo alipoondoka, dada mtu alibaki ameshika mkanda kama hajui ni wa nini.

“Nilipompitishia mkanda kifuani, aliruka,” alisema kesho yake. “Ana kivimbe. Hajamwambia mtu. Hospitali wamempa siku, Alhamisi asubuhi, wamchukue kinyama kidogo wakakipime. Hataki kwenda.”

Falaki alikuwa anapiga pasi gauni la kwanza. “Kwa nini?”

“Anasema aliyekwisha kuambiwa hana haja ya kuuliza mara ya pili. Anasema wewe ulimwambia.” Akamgeukia. “Ulimwambia nini?”

Hapo neno likamrudia, herufi kwa herufi, na kwa mara ya kwanza alilisikia kama alivyolisikia mama mdogo. Mwezi wako unaingia. Hautoki. Afya na mwili. Mkono wenye pasi ukasimama palepale.

“We! Pasi!”

Moshi ulikuwa unapanda. Aliinua pasi, na juu ya kitambaa cha bluu ikabaki alama ya kahawia, umbo la pasi kamili, pale kifuani.

“Nimekuuliza, ulimwambia nini?”

“Kaa,” alisema. “Nilimwambia mwezi uko kwa Kaa. Kama ninavyomwambia kila mtu.”

Cherehani ya dada mtu ilikuwa inalia siku ya utabiri, hakusikia lolote. “Basi sijui amesikia wapi,” akasema, akalichukua gauni lililoungua kuangalia kama lingeokolewa.

Falaki alijificha chooni na simu. Alitaka kuona maana ya mwezi kuingia kwenye nyota ile: huruma, nyumbani, mama, mtu kurudi kwa watu wake. Alijua yote hayo kwa moyo, lakini alitaka kuyasoma kwa macho ili yamtulize. Akaandika neno. Simu haikumuuliza alimaanisha ipi. Ilimletea picha za matiti yenye alama, mikono ya madaktari, orodha ya dalili. Katikati ya hayo, mdogo kabisa, palikuwa na mchoro wa kaa mwenye magando mawili, amekaa pale kama shahidi.

Hofu ya kwanza ilikuwa kwamba amemtisha bure. Ya pili ilikuja polepole kutoka chini, ikamkaba zaidi: je, kama si bure? Ramani alikuwa ameisoma sawasawa. Mwezi ulikuwa unaingia huko kweli. Mtoto wa siku thelathini na tisa aliugua kweli. Kivimbe kipo kweli. Miaka yote aliwaambia watu kwamba nyota zinajua, na sasa alisimama chooni amejiegemeza mlangoni, akiomba ziwe hazijui kitu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani angekuwa tapeli.

*

Jumatano alikwenda tanurini. Njiani kila kitu kilimtisha: mwanamke aliyekohoa, mlango uliojifunga, mtu aliyemwita “Falaki, nikae?” naye akaruka kama aliyepigwa. Alikuwa ameandaa maneno. Aliyapanga vizuri mno, na hiyo peke yake ingepaswa kumshtua.

Mama mdogo alikuwa mbele ya mdomo wa tanuri, akivuta mikate kwa ule ubao wao mrefu. Alikuwa akitumia mkono wa kulia tu.

“Mama mdogo, nilikosea,” Falaki alisema. “Saa ya kuzaliwa niliiandika vibaya. Nimeisogeza upya. Mwezi wako bado uko Jauza. Mapacha. Mambo ya mazungumzo, safari ndogo ndogo.”

Mama mdogo aliusimamisha ubao. Joto lilikuwa linacheza kati yao, likaufanya uso wake utetemeke ingawa alikuwa ametulia.

“Wiki iliyopita nyota hazisemi uongo. Wiki hii zimehama?”

“Hazikuhama. Ni mimi...”

“Dada yako amekwambia.”

Falaki akajifanya anahesabu mikate.

“Usinihurumie, mwanangu. Mimi sikukasirika. Kabla ya kupewa hiyo Alhamisi nilifika kwenye geti la hospitali mara nyingi nikarudi, na kuisubiri nako kukanishinda. Nikasema, nitamuuliza mtoto wangu, mwenye mdomo usiojua kuficha. Nawe hukuficha.” Alivuta mkate mmoja, akaugonga chini kwa kidole kusikia kama umeiva. “Kuna kitu kimoja nakuomba. Maswali akikua, akikuuliza ya kwake, usimsogezee. Mwambie programu imeharibika.”

Ilikuwa nafasi ya kusema. Neno moja: ni mdudu, mama mdogo, ni kaa tu, nililivalisha suti. Lakini angeuliza kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa na miwani na sketi ya zipu. Tena dada mtu alikuwa ameshaambiwa vingine. Falaki alifungua mdomo, akaona wafanyakazi wawili wameinua vichwa, akaufunga. Alisema ataonana naye kesho.

Usingizi wake usiulizwe.

*

Alhamisi asubuhi, saa ambayo alipaswa kuwa hospitali, mama mdogo alikuja dukani kuchukua magauni.

Dada mtu alikuwa ameyapanga mezani, lililoungua likiwa limeshonwa upya, moja juu ya jingine kwa ukubwa, la mwisho likining'inia pembeni kwa urefu wake. Ungeyatazama ungemuona Maswali akikua mbele yako, gauni kwa gauni, bila mtu nyuma yake. Falaki hakuweza kuyatazama. Nyuma ya pazia Mzee Breki alikuwa akipumua kwa nguvu na kujaribu kuingiza tumbo.

“Kaa kidogo,” dada mtu alimwambia mama mdogo.

Mama mdogo alikitazama kiti cha plastiki, akabaki wima.

“Leo ndiyo siku yako,” dada mtu alisema. “Bado unawahi. Wanaita mpaka saa tano.”

“Tumeshayamaliza hayo, mama. Mdogo wako aliniambia kila kitu hapa hapa.”

“Alikwambia Kaa. Kanihakikishia mwenyewe.” Dada mtu aligeuka. “Si ndivyo? Mwambie.”

Wote wawili walimwangalia. Nusu ya akili ya Falaki ilimwambia, hii ndiyo kamba, ishike, ukisema Kaa atakwenda na yote yatakwisha. Ile nusu nyingine ilikuwa imekimbia tangu Jumatano.

“Nilisema Kaa,” akasema. “Ulisikia vibaya, mama mdogo. Cherehani zilikuwa na kelele.”

Alitegemea uso wa mama mdogo ufunguke. Badala yake ulififia, rangi ikaondoka kama maji yanayonywewa na mchanga.

“Hukusema Saratani?”

“Hata kidogo.”

“Lakini mimi nililisikia.” Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi mahali ambapo Falaki hakuwahi kuisikia. “Nililisikia kama ninavyokusikia sasa. Likaniita kwa mwezi na kwa miaka. Kama si wewe uliyesema...” Aliangalia dirisha, cherehani, magauni, kiti. “Basi aliyeniambia ni nani?”

Dada mtu naye alishika ukingo wa meza. Falaki, aliyejua kabisa ni nani, akaogopa pamoja nao. Alikuwa amekusudia kumwondolea neno lililotoka kwa mtu, akamwachia neno lisilo na mwenyewe. Mama mdogo alianza kuyakusanya magauni mikononi, haraka haraka, kama mvua inakuja.

“Alisema Saratani,” ikasema sauti.

Dada mtu alipiga yowe dogo. Mama mdogo akaangusha magauni.

Pazia likavutwa. Mzee Breki alitokeza, mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali ya kijivu, pini tatu zikiwa bado mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye pazia, kwani alikuwa mtu wa utaratibu.

“Mama, masikio yako ni mazima,” alisema. “Nilikuwa hapa hapa, nimechomwa pini kama leo. Alisema Saratani, tena kwa kuvuta, kama anayetangaza msiba. Mpaka mimi mwenyewe nikajipapasa.”

“Ni jina la kitaalamu, mzee,” Falaki alisema upesi. “Ndilo la vitabuni.”

“Jina la nani?” mama mdogo akauliza.

Falaki akaangalia sakafu.

“Umeulizwa,” dada mtu akasema. “La nani?”

“La Kaa,” alisema. “Ni yuleyule mmoja. Kaa. Anayetembea kwa ubavu.”

“Na asubuhi ya siku ile,” Mzee Breki akaendelea, “fundi viatu alikaa pale pale, akapewa mwezi wa aina ile ile, na ulikuwa kwa Kaa. Fundi akamcheka huyu kijana tukavunjika mbavu. Mchana akaja yule binti wa maktaba, akaketi kwenye benchi. Kaa akapandishwa cheo.”

“Haikuwa kwa ajili yake.”

“Shika breki, kijana. Ulichungulia hapa kwenye kioo. Mimi nipo, suruali magotini, nimeduwaa. Ukanyoosha kola, ukajichekea kwenye kioo, ukafunga pazia. Hata salamu sikupata.”

Falaki alihisi joto linapanda kutoka kwenye kola hiyohiyo hadi kwenye nywele. Mama mdogo alimtazama, na usoni pake kitu kilikuwa kinarudi polepole. Hakikuwa tabasamu bado, bali ule uso wa mtu anayemjua mtoto aliyemlea.

“Hilo,” alisema, “naliamini.”

“Mama mdogo...”

“Nimelala na kifo kitanda kimoja wiki nzima. Kumbe ni kola.”

Dada mtu alianza kucheka, akaishia kulia, akajifuta kwa mkanda wa kupimia. Lakini mkono wa mama mdogo ulikuwa umerudi palepale, juu ya mkanda wa mkoba, na kicheko hakikumfikia.

“Kivimbe kipo,” alisema.

“Kipo,” dada mtu akajibu. “Na hakijui Kaa wala Saratani. Kikaulizwe chenyewe.”

Mama mdogo aliokota magauni, akayapangusa vumbi, akamrudishia dada mtu yote isipokuwa lile dogo la sasa. “Haya yakae kwanza,” alisema. “Siku ile ya thelathini na tisa, mama yangu alinibeba mgongoni akanipeleka. Mimi ni mzito, sina wa kunibeba.” Alimgeukia Falaki, akamtupia mkoba, naye akaudaka kifuani. “Wewe tangulia. Tukifika, daktari ataniuliza ni nani aliyenipima mara ya kwanza akakuta nina saratani. Sitajibu mimi.”

Falaki alimtazama Mzee Breki kwa macho ya mtu anayezama. Mzee alimtazama naye, akapandisha suruali, akafunga pazia.